Wesley Achagua Jaketi

Saa tisa alasiri, Jumanne, Nyanchama alikuwa akipanga majaketi ya kiume ya kuteleza kwenye theluji, madogo mbele, makubwa nyuma, wakati kaka yake Wesley alipoingia dukani na kuomba lisilopitisha maji. Nje, katika jiji hilo la jangwani walikokuja kutafuta kazi, kulikuwa na joto la nyuzi arobaini na sita. Wesley alikuwa amefariki siku kumi na tisa zilizopita.

"Pole na kazi," Wesley akasema.

"Asante. Umekujaje?"

"Kwa miguu. Huko mochari nilikowekwa ni baridi, dada, na bomba lililo juu ya droo yangu linavuja. Maji yananidondokea hapa." Akagusa kifua.

Nyanchama akamuuliza yale anayowauliza wateja wote wanaojiandaa kwenda kwenye theluji za nchi za watu: ataka kofia au hataki, zipu ndefu au fupi. Akamwonyesha la rangi ya machungwa, mishono yake yote imezibwa kwa utepe.

"Saizi gani siku hizi?"

"Leta ya kati. Nimepungua."

Wesley alikuwa mlinzi kwenye lango la maegesho ya magari. Mwezi wa saba kampuni iliondoa kiti chake, ati walinzi wanasinzia. Akasimama juani kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, na siku ya nane akaanguka. Karatasi ya kampuni kuhusu kifo chake ilipotoka iliandikwa kwamba amekufa kwa sababu za kawaida. Kawaida! Mtu wa miaka ishirini na tisa, aliyekuwa akibeba magunia mawili ya mahindi kwa mpigo, asimamishwe kama nguzo mpaka damu ichemke, halafu mtu aketi penye kiyoyozi aandike kawaida.

Nyumbani, Kisii, neno hilo halikumtosha mtu. Kijana hafi bure, karogwa, walisema, na wakaanza kumtazama jirani yao, mama mzee aitwaye Kemunto, kwa sababu siku Wesley aliposafiri alimkumbatia langoni. Vijana walikuwa wamekwenda kwake mara mbili, mara ya pili wakiwa na mafuta ya taa. Mama yake Nyanchama alipiga simu kila jioni akiuliza jambo moja tu, kama karatasi imebadilishwa.

Duka lina kanuni kwamba jaketi haliuzwi kabla halijajaribiwa. Nyanchama akamwingiza Wesley kwenye chumba cha baridi, kile chenye mlango wa kioo, akafungulia maji ya kunyunyiza. Kipimajoto cha mlangoni kilisoma nyuzi kumi chini ya sifuri. Wesley akafunga zipu mpaka kidevuni, akaliona benchi, akaketi. Nyanchama hakuwa amemwona akiketi tangu mwezi wa sita.

Kipimajoto kikaanza kupanda. Kikafika sifuri, kikafika thelathini. Dakika ya tano kilisimama kwenye hamsini na moja. Kwa nje jaketi lilikuwa kavu kabisa, lakini mikononi lilimwaga jasho kama bomba lililosahauliwa wazi, na jasho likapita chini ya mlango hadi kwenye viatu vya maonyesho. Virginia, msimamizi wa duka, akaleta tambara la deki na kibao cha kuonya kwamba sakafu inateleza.

"Mteja wako ananunua ama anapumzika?" aliuliza.

"Anajaribu."

"Basi ajaribu haraka. Kuna watu wanangoja chumba."

Nyanchama akampigia simu Laban, Mganda anayeshughulikia wafanyakazi katika kampuni ya Wesley. Akafika kutoka mtaa wa Fereej Bin Mahmoud baada ya dakika arobaini, faili kwapani. Alimpungia Wesley mkono kupitia kioo, akampa pole, akainama kusoma kipimajoto.

"Hamsini na moja," Laban akasema.

"Umesoma mwenyewe. Sasa andika."

"Niandike nini?"

"Joto. Neno moja tu, ndugu yangu. Kuna mama wa watu atachomewa nyumba."

"Nikifungua hii faili tena, nitaulizwa kiti kilienda wapi."

"Kwani kilienda wapi?"

Laban alifuta uso kwa kitambaa. "Kiko ofisini kwangu. Ndicho ninachokalia."

Nyanchama alitamani kumpiga kwa hanga ya chuma ya kutundikia nguo aliyokuwa ameishika, na si mara moja. Laban akatoa karatasi ileile, neno kawaida likiwa mahali pake, akamwonyesha pa kutia sahihi ili mwili usafirishwe Ijumaa. Asipotia, alieleza kwa upole, Wesley ataendelea kukaa chini ya lile bomba. Nyanchama alimtazama kaka yake kupitia kioo. Akatia sahihi, akiibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Laban alipoondoka, akampigia mama.

"Imebadilishwa?" mama akauliza.

"Bado inasema kawaida. Mama, mwambie Kemunto aondoke leo. Asingoje ndege ifike. Na umwambie ni joto. Angalau yeye ajue."

"Nitamwambia. Ana kuku sita. Ataniuliza awaache na nani."

Wesley alitoka, kipimajoto kikarudi chini, na mteja aliyekuwa akingoja akaingia. Virginia alilikagua jaketi, akasema limeshaingia chumvi na haliwezi kurudi kwenye rafu, aende nalo. Wesley akashukuru. Akamuuliza dada yake kama kofia inatoka, na Nyanchama akamwonyesha vifungo vilipo.