Ua la Nusu

Mbuzi ya kukunia nazi ilianza kukwaruza jikoni kabla ya adhana ya alfajiri, na Mwanaima akajua mgeni wake ameshaamka.

Mgeni huyo, Mwanatabu, alitoka ardhini mwaka wa 1988, wiki ile watu wa mambo ya kale walipofukua magofu nyuma ya nyumba ya Mwanaima, huko Junda, wakaufikia ukuta wenye nakshi za maua. Uso wake ulikuwa wa kijana, lakini kwa kuwa alikufa zamani sana, Mwanaima ndiye aliyemwamkia shikamoo.

"Marahaba, mwanangu. Nazi iko wapi?"

Tangu siku hiyo akawa anamkunia, maana viganja vya Mwanaima vilikuwa vikimuuma.

Maua yale aliyachonga Mwanatabu mwenyewe alipokuwa hai, kwenye chokaa ya chumba cha uzazi. Kila mtoto na ua lake: huanzwa siku anapozaliwa, humalizwa siku ya arobaini. La mwisho lilikuwa nusu. Mtoto hakuifikia arobaini.

Mwanaima alimpeleka akayaeleze hayo kwa mkubwa wa wafukuaji, Bwana Jefwa, mtu mpole aliyewapa viti na chai, akawasikiliza mpaka mwisho.

"Nawaamini, mama zangu. Lakini nikiandika nimeambiwa na marehemu, watanicheka."

"Utaandika nini basi?"

"Fundi wa kutoka ng'ambo. Aliondoka kabla ya kumaliza."

"Ng'ambo gani?" akauliza Mwanatabu. "Mimi hata Likoni sijafika."

Jefwa akamwongezea sukari.

Ukuta ukakatwa vipande, ukapelekwa mjini, kwenye jumba la vitu vya kale. Mwanatabu akapanda nyuma ya lori, amelikumbatia ua lake la nusu lisitikisike.

Baada ya Idi, Mwanaima alikwenda kumwangalia, na mkate wa sinia mkononi. Alimkuta amekaa kitako chini ya ukuta, juu ya mto aliopewa na Nzai, mlinzi. Watalii walimpisha na kusoma kibao: kazi ya fundi mgeni.

Mwanaima akalitafuta ua la nusu, asilione. Mafundi wa pale walikuwa wamelijazia chokaa mpya na kulimaliza, likalingana na mengine.

"Walitaka kunisaidia," alisema Mwanatabu. "Sasa ukitazama, utadhani wanangu wote walikua."

Walikula mkate. Kengele ya kufunga ikalia, na Nzai akajifanya anatafuta funguo.

"Umebaki wewe tu unayejua palipokuwa nusu," Mwanatabu alisema. "Utakuja tena, mwanangu?"