Sahihi ya Gavana Aliyeondoka

Mtu huyo aliingia barazani Bunda siku ya Jumanne, saa ya kufunga ofisi, amevaa suruali iliyotiwa viraka magotini na shati jipya kabisa. Hakuna aliyemtarajia. Alisimama mbele ya meza yangu, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba nimsomee. Askari wa jela ya Mwanza walikuwa wamemsomea kwa haraka, naye hakuamini.

Nilikuwa karani wa baraza, mahakama ya wenyeji, kwa miezi saba tu tangu nirudi kutoka Makerere, na sikuwahi kuuona msamaha wa Gavana kwa macho yangu. Nilimsomea polepole, nikifasiri kila sentensi. Kwa mamlaka ya Malkia, mfungwa huyu alikuwa amesamehewa miaka mitano iliyobaki katika kumi, kwa sababu ya mwenendo mwema na kwa kuwauguza wafungwa wenzake wakati wa ndui. Chini palikuwa na sahihi ya Gavana aliyeondoka nchini wiki mbili zilizopita. Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, nikamwambia kwamba sheria yenye huruma ndiyo niliyoisomea.

"Asante, karani," akasema. "Sasa niambie. Marcelina wa Mzee Kwangu, kule Butiama, ameshaolewa?"

Nikaitazama karatasi tena, nikaliona jina ambalo nilikuwa nimelisoma bila kulisikia. Mseti.

Habari zake zilijulikana na wote. Mzee Kwangu, alipokuwa bado jumbe, alichukua ng'ombe pekee wa mama yake Mseti kwa ajili ya kodi. Mseti akaenda kuchoma ghala la mzee. Moto ukarukia nyumba, na mzee akaungua mkono wa kushoto hadi kiwikoni. Wakati huo Mseti na Marcelina walikuwa wamekwisha kuahidiana kuoana. Sasa Marcelina alikuwa mchumba wangu. Padri alikuwa ametangaza ndoa yetu kanisani Jumapili mbili, ikibaki moja.

"Bado," nilimjibu, nikaanza kufunga madirisha.

Siku zilizofuata sikuwa mtu mzuri. Nilimwona Mseti sokoni akisalimiwa na watu, nikapima urefu wake kwa jicho na kuulinganisha na wangu. Kwa jinsi alivyowasikiliza watu ameinamisha kichwa, nilijua kuna mtu aliyewahi kuipenda tabia hiyo. Niliionea wivu hata miaka yake ya jela, maana muda wote huo alikuwa akikumbukwa, na mimi nilikuwa naonekana kila siku.

Kwa hiyo Mzee Kwangu aliponijia kutaka msamaha ule upingwe, nilikubali kabla hajamaliza kueleza. Hoja yake ilikuwa kwamba aliyetia sahihi amekwenda zake, basi Gavana mpya aufute. Niliandika kurasa tatu za Kiingereza kwa mashine ya baraza. Nikasema kwamba aliyeunguzwa hakuulizwa, kwamba adhabu imeishia nusu, kwamba Gavana alitia sahihi siku zake za mwisho huku masanduku yamekwisha fungwa. Nilijiambia kwamba naitetea haki.

Marcelina, aliyekuwa akifundisha watoto wa darasa la kwanza Butiama, alizisoma kurasa zile amesimama mlangoni mwa darasa, vidole vyeupe kwa chaki. Hakunikataza.

"Peleka," akasema. "Ila ukitoka bomani Musoma unipitie mimi kwanza, kabla ya baba. Uniambie walivyosema, neno kwa neno. Usinipunguzie."

Nikaahidi. Ilikuwa ahadi ndogo, na nilikuwa na hakika ya kushinda.

Ijumaa nilipanda lori la Hamduni, mfanyabiashara wa Mukendo, mjini Musoma, aliyekuwa akirudisha magunia matupu ya furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani. Njia nzima alinicheka. Alisema hajawahi kumwona msomi akimshitaki Gavana kwa ajili ya mwanamke, na kwamba wivu wangu unashinda harufu ya magunia yake.

Bomani Musoma, Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, aliipokea barua na kusema majibu yatakuja kwa maandishi baada ya miezi miwili au mitatu. Kisha karani wake mkuu, Bernado, mzee aliyefanya kazi ya mahakama tangu sijazaliwa, akaniita pembeni, akazisoma kurasa zote bila kuruka mstari.

Aliniambia jibu litakuwa hapana. Mahakama haimwulizi Gavana kwa nini alisamehe. Kuondoka kwake hakufuti kitu, kwa sababu kilichotia sahihi ni kiti, na kiti bado kipo. Gavana mpya hawezi kuurudisha nyuma msamaha ambao mtu amekwisha upokea na kutoka nao jela. Kuna milango mitatu tu: karatasi iwe ya kughushi, au iwe imepatikana kwa udanganyifu, au iwe na sharti ambalo mtu amelivunja. Akaniuliza kama nina hata mmoja. Sikuwa nao. Mzee Kwangu anaweza kudai fidia ya nyumba barazani, akasema, maana msamaha unaondoa kifungo tu, hausemi kwamba moto haukuwaka. Lakini jela Mseti harudi.

Kisha akagonga kurasa zangu kwa kidole.

"Wewe ndiwe unayemwoa yule binti wa Kwangu?"

"Ndiyo, mzee."

"Nilijua. Hapa hakuna sheria, kijana. Umeandika wivu kwa Kiingereza kizuri."

Nilirudi kesho yake na lori lilelile. Mvua ilikuwa inanyesha, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne niliona njia nyeupe mbele yangu. Majibu ya maandishi yatachukua miezi miwili. Tangazo la tatu ni kesho. Ningeweza kusema shauri bado liko bomani, na isingekuwa uongo. Wakati barua inafika, Marcelina angekuwa nyumbani kwangu.

Kwenye njia panda ya Butiama nilimwomba Hamduni asimame.

"Unashuka na mvua hii?" akasema. "Bunda ni mbele, bwana. Mambo ya Butiama huwaga hayakimbii."

Nikashuka.

Marcelina nilimkuta shuleni, peke yake, akipanga vibao vya watoto. Nilisimama karibu na mlango nikichuruzika maji, nikamweleza habari za kiti, na milango mitatu, na fidia. Nikamwambia barua itakuja baada ya arusi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunitazama.

"Gavana amesamehe ya Serikali," akasema. "Moto ule uliwaka kwetu. Mimi hakuna aliyeniuliza, si yeye wala Mseti. Wala wewe." Akaweka kibao cha mwisho juu ya vingine. "Nitamwambia padri asitangaze kesho. Nataka kwanza nimsikie Mseti kwa masikio yangu. Baada ya hapo sijui, Alfonce. Nisikudanganye."

Niliitikia kwa kichwa.

"Ni hayo tu waliyosema?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Ningesema ndiyo, asingejua kamwe, na labda angebaki akiniona mtu wa haki, kitu pekee ambacho Mseti hakuweza kunishinda.

"Kuna moja," nikasema. "Bernado alisema katika kurasa zile hakuna sheria. Kwamba nimeandika wivu kwa Kiingereza kizuri."

Ndipo akaniangalia.

"Alisema hivyo hivyo?"

"Neno kwa neno."