Avue Viatu

...avue viatu, anasema, na hicho kitenge kipya abadilishe, anasema hivyo kama mtu anayeomba dirisha lifunguliwe, na mimi nimeinama nyuma ya kamera kama sina masikio, jicho moja nimelifumba, la pili liko mlangoni mwa kanisa letu la Nyakitonto, pale mama mkubwa Verediana, dada yake marehemu mama, tumbo moja, ameshaketi kwenye ngazi na anahangaika na kifungo cha kiatu cha kulia, polepole, maana vidole vimekakamaa kwa jembe, na habishi, mgeni ametoka Dar na gari lenye nembo ya shirika la misaada, atabishaje... "Tunataka uhalisia, dada Yusta," anasema Nathaniel, simu iko sikioni, anaongea na mimi na bosi wake kwa pamoja, "kalenda inakwenda kwa wafadhili, wakiona mama kapendeza hivi watauliza msaada wa nini," uhalisia, eti uhalisia, uhalisia ni kwamba mama mkubwa alipasha pasi ya mkaa tangu alfajiri, kitenge kikanyooka, akajipaka mafuta mpaka kwenye visigino, akaniuliza mara tatu kama kilemba kimekaa sawa, akasema leo napigwa picha na mwanangu, huo ndio uhalisia, uandike huo kwenye kalenda yako... na ni picha zangu zilizomleta huyu, aliziona mtandaoni, kanisa la Rungwe Mpya ukungu umelikata katikati, wanawake wanapepeta maharagwe uwanjani, wazee wamekaa nje baada ya misa na makoti yao mazito, akapiga simu, dada una jicho wewe, nikafurahi kama mjinga, sikujua kwamba alitazama zile picha zote na alichokiona ni watu ambao hawajachakaa vya kutosha... "hapana bosi, jana Nduta nako walivaa vizuri, yaani ni shida tupu," na anacheka, anacheka, jana kule kwenye kambi ya wakimbizi mama mmoja, Mpawenimana, alikuwa amemsuka binti yake nywele kwa ajili ya picha, huyu akamwambia ashike sufuria tupu, yule mama akashangaa, "lakini maharagwe iko kwa moto, papa, iko inaiva," akaambiwa we shika tu, na akashika, na mimi nikabonyeza... kiatu cha kulia kimetoka, amekiweka pembeni, amekigeuza ncha itazame nje, vizuri, kama anavyoviweka nyumbani, na mguu wake uko juu ya saruji baridi, na mguu huo naujua, Jumapili za utoto wangu tulikuwa tunakuja peku kutoka bondeni, viatu tumevibeba mkononi visichafuke, mama mbele, mama mkubwa nyuma, mimi katikati, tukifika kijitoni tunanawa miguu, tunaifuta kwa majani, tunapanda mpaka hapa, na kwenye ngazi hizi hizi mama ananishika kisigino, sukuma mguu, Yusta, sukuma, wameanza kuimba, hapa ni mahali pa kuvaa, hakuna aliyewahi kuvuliwa hapa, hata mwenye dhambi hakuvuliwa viatu hapa... na mama alipokufa tukatafuta picha yake nyumba nzima, chini ya godoro, ndani ya Biblia, hakuna, ikabaki ile ya kadi ya kupigia kura, Haidari, fundi wa picha, akaikuza pale dukani kwake Kasulu mpaka uso ukawa madoa matupu, ndiyo tuliyoiweka juu ya jeneza, watu wanapita wanaaga madoa, ndiyo maana nilinunua kamera, si kwa ajili ya ukungu, si kwa ajili ya wafadhili, nilitaka watu wetu wakifa waonekane, na sasa huyu anataka mama mkubwa naye afe na picha ya uongo, peku, kwenye ukuta wa mtu asiyejua hata jina lake, Machi, au Aprili, mwezi wa njaa bila shaka atampa huo... "Mwana wanje," mama mkubwa ananiita, mwanangu, mkono uko kwenye kiatu cha kushoto, uso kauinua, "na hiki nacho?"... hakumwangalia Nathaniel, ameniangalia mimi, ameniuliza mimi, kumbe hata cha kulia hakukivua kwa ajili ya gari wala nembo, amekivua kwa sababu nilikuwa nimesimama hapa na nimenyamaza, na kunyamaza kwangu amekusikia kama amri, Mungu wangu, asubuhi nzima hasira yangu inamzunguka mtu mwenye simu, na kidole kilicho juu ya kitufe ni changu, picha haipigwi bila hiki kidole, hata ile ya sufuria isingepigwa... "Oya," nasema, "oya, mama," hapana, usivue, na yeye hajavua, hajavaa, ametulia na mkono kiatuni akinitazama, ukungu bado uko bondeni, Nathaniel bado yuko na bosi wake, ndiyo bosi, sawa bosi, nimekataa kwa Kiha na hakuelewa, basi amalize tu simu yake, simtoroki, nimefumbua macho yote mawili, namsubiri nimwambie kwa Kiswahili.