Mama wa Ubatizo Mwenye Makaratasi

Obdulia alikuwa amepasua nyanya mbichi na kuisugua viganjani. Utomvu mweusi wa mnyanya hautoki kwa sabuni. Dawa yake ni nyanya yenyewe, kila mchumaji wa Florida anajua. Kesho angembeba Isauro, mtoto wa Nicanora, abatizwe, na hakutaka kulichafua gauni jeupe la mtoto alilolishona kwa mkono wake.

Nicanora alisimama mlangoni, mtoto begani. "Shoga, acha kusugua."

"Kucha bado."

"Mama wa ubatizo atakuwa Bi Hortensia."

Obdulia akacheka. "Mke wa mnyapara? Huyu anayezikataa ndoo zetu eti hazijajaa? Mtoto kakukosea nini?"

"Ana makaratasi."

Kicheko kikamkauka. Mwezi uliopita Fidencio, mume wa Nicanora, alisimamishwa barabarani na polisi kwa taa mbovu ya gari, akakutwa hana makaratasi ya kuishi Marekani. Sasa amerudishwa kwao Guatemala. Isauro amezaliwa hapa, ni raia. Mama yake akikamatwa, mtoto atakabidhiwa kwa watu baki hadi korti iamue. Na Obdulia, aliyevuka jangwa na Nicanora wakigawana kopo moja la maji, aliyemkata Isauro kitovu, angekwenda kumdai vipi? Naye hana makaratasi, angekamatwa hapo hapo.

Kwao mama wa ubatizo huchaguliwa kwa mapenzi. Sheria gani hii, inayotia mkono hadi kwenye beseni la ubatizo, ikuchagulie na ndugu? Wenye kuitunga wanakula nyanya kila siku, wala hawaulizi makaratasi ya aliyezichuma.

"Amekubali?"

"Nimempigia magoti."

"Wewe? Yule?"

"Hata shetani ningempigia, mradi ana makaratasi."

Obdulia alimtazama mtoto, kisha rafiki yake. "Umefanya sawa," alisema. "Lakini nina hasira, Nica. Nina hasira mpaka meno yananiuma."

Akaokota kipande cha nyanya, akaendelea na kucha.

Kanisani, Bi Hortensia alimshika Isauro mbali na kifua chake, kama ndoo anayotaka kuirudisha. Maji yalipomgusa, mtoto alilia, akageuza kichwa huku na huku akitafuta. Nicanora aliinamisha uso.

Benchi la tatu, Obdulia alikuwa amekaa. Mikono yake, safi hadi kwenye kucha, bado ikinuka nyanya mbichi, ilikuwa wazi mapajani, kana kwamba mtu angemwambia wakati wowote: hebu nishikie kidogo.