Jicho Ndani ya Lori la Toader

Mimi ile kamera sikuipenda tangu siku ilipoletwa, na nilisema wazi, maana mdomo wangu hauna kufuli. Kidude kidogo tu, wakakibandika juu ya kioo cha mbele katika kila lori la Bwana Pascaru. Jicho moja linatazama barabara, la pili linamtazama dereva usoni. Lori likishika mwendo, nacho kinaamka. Ukigusa simu, kinapiga kelele. Ukifumba macho, kinapiga kelele. Kisha kinatuma video ofisini, kwenye kompyuta yangu mimi, Ruxanda, ninayepanga safari za malori ya mbao tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Maonyo matatu, unashushwa kwenye lori.

"Ni kwa usalama wenu," Pascaru aliwaambia madereva uani.

"Mke wangu mwenyewe hajawahi kunitazama hivyo," akasema Costache, ambaye akinyamaza ujue anaumwa. "Nitanyoa kila siku sasa, bosi?"

Wakacheka, ila kicheko cha shingo upande. Mmoja akatundika picha ya Mtakatifu Nikolai mbele ya lile jicho, Pascaru akamwamuru aitoe. Kaka yangu Toader yeye akanunua miwani nyeusi. "Linichungulie sasa," akasema, na mimi nikampigia makofi.

Basi onyo la kwanza likamwangukia nani? Toader huyohuyo. Kashika simu akiendesha, mashine ilisema. Halafu la pili, yaleyale. Video zenyewe sikuzifungua; niliapa sitamchungulia mtu kwa jicho lile. Madereva wakaanza kunong'ona kwamba mzee ana mwanamke huko milimani. Ebo! Toader na simu? Simu yake inalala kwenye mfuko wa mkate, ukimpigia anapokea kesho yake. Na nyumbani ana Aglaia, mkewe, anayekohoa tangu majira ya baridi mpaka unahisi kifua chako ndicho kinachopasuka. Nilikuwa nawapelekea supu na ugali na jibini, nakuta Toader ndiye anayefua, ndiye anayepika, ndiye anayempa dawa. Mwanamke amtoe wapi?

Hapo nikaanza kunusa kitu. Ovidiu, mpwa wa Pascaru, alikuwa ametoka tu kupata leseni ya malori makubwa. Lori la Toader ndilo jipya kuliko yote. Sihitaji kuchorewa. Wanataka kumng'oa mzee, wamweke kijana wao, na hako kadude ndiko kamepewa kazi ya kusema uongo. Nikamwambia Toader: "Kaka, wanakuchimba."

"Wakinishusha nimekwisha, Ruxa," akasema. "Umri huu nani atanipa lori jingine? Na Aglaia nitamwambia nini?"

Onyo la tatu lilipoingia, Pascaru akatuita wote wawili asubuhi. Mimi nilifika nimeshanoa ulimi. Kahawa aliyonimiminia sikuigusa.

"Sina furaha na jambo hili," alianza.

"Ovidiu je, anayo?" nikamkata.

Akaniangalia. "Ovidiu ameingiaje hapa?"

"Tutazame video, Bwana Pascaru. Tusimhukumu mtu kwa maneno ya kidude cha ukubwa wa kiberiti."

Akageuza kompyuta. Ya kwanza akaifungua pale mashine ilipoweka alama. Toader yupo kwenye usukani, na miwani yake. Mkono wa kulia ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka tumboni, ukaenda bega la kulia, bega la kushoto. Tena. Na tena. Upande wa pili wa kioo cha kompyuta, ule wa barabara, mnara wa kanisa la Vânători ukawa unapita.

Alikuwa anapiga msalaba, kama sisi Waorthodoksi tunavyofanya kila tukipita kanisa. Pascaru akafungua ya pili. Paji la uso, tumbo, mabega, mara tatu, na kando ya barabara ule msalaba wa mbao ulioezekwa kipaa, pale kwenye kilima.

"Hii ndiyo simu?" nikauliza. "Anampigia Mungu, siyo?"

"Loo!" Pascaru akashika kichwa. "Mimi mwenyewe ningepata onyo! Hata mama yangu angepata!" Akageuka na kumtazama Toader aliyesimama mlangoni. "Mzee, mbona hukusema?"

"Uliniuliza?" Toader akacheka, kicheko cha mtu aliyetolewa kitanzi. "Mashine yenu haijabatizwa."

Ya tatu Pascaru aliitazama kwa jicho moja, huku anavaa koti. Mkono ukapanda, ukashuka, mara tatu. "Basi, basi. Futa zote, Ruxanda. Hao walioniuzia nitawapigia leo hii. Toader, nisamehe. Wahi mzigo wako." Akatoka kuelekea uani, na nikamsikia akimfokea mtu asiye na kosa.

Nilijisikia vizuri, sitadanganya. Nikaichukua sasa ile kahawa yake, nikainywa yote. Toader alikuwa anachezesha funguo mkononi, anasubiri nifute aende zake. Nikafuta ya kwanza. Nikafuta ya pili. Kidole kikawa tayari kufuta ya tatu, na picha imeganda palepale Pascaru alipoiacha. Upande wa barabara naona mto, na miti ya mierebi ikiinamia maji.

Mimi na Toader tumezaliwa kwenye barabara ile. Pale ni bonde la Răchiți. Pale hakuna kanisa. Hakuna msalaba, hakuna kaburi, hakuna hata kisima chenye picha takatifu. Kuna mierebi na vyura, basi.

"Kaka," nikasema, "hapa ulikuwa unampigia nani msalaba?"

Funguo zikanyamaza. "Wapi?"

"Răchiți."

"Si pale kanisani."

"Kanisa gani, Toader? Tumekula chungu kimoja, unanidanganya mimi?"

"Ruxa, futa." Alisema polepole, kwa upole, na upole ule ukanitia hofu kuliko kama angenitukana.

Nikairudisha video nyuma, kabla ya alama.

Barabara nyeupe kwa jua la mchana. Toader ameketi na miwani yake, na ukiangalia haraka utasema anaendesha. Kisha kidevu kikashuka. Kikashuka mpaka kifuani, na mdomo ukawa wazi. Ile mashine yenye kelele zake zote haikusema kitu, maana macho yenyewe haikuyaona. Lori likaanza kuhama, taratibu, upande wa kushoto, ambao kwetu ni njia ya wanaokuja. Na mbele yake, upande huo wa kushoto, mkokoteni wa farasi umepakia nyasi unakuja, na juu ya nyasi wameketi bibi na bwana, wazee, bwana ameshika kofia yake isipeperuke. Magurudumu yakagusa kokoto za pembeni, kabini ikatikisika, Toader akaruka, akakata usukani. Farasi akasimama kwa miguu ya nyuma. Wakapita. Ndipo mkono ukapanda kwenye paji la uso.

Mungu wangu. Wiki nzima nimemshuku Pascaru, nimemshuku Ovidiu, nimeishuku mashine, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

"Unalala saa ngapi?" nikamwuliza.

"Anakohoa usiku kucha. Nikilala, akasongwa, nani atamwinua?" Akaja mezani, akaweka mkono wake mkubwa juu ya wangu. "Ilikuwa mara moja, dada yangu. Bosi mwenyewe kasema futa. Wewe bonyeza tu."

"Mara moja?"

Akatazama sakafu. Toader hajui kunidanganya mara mbili.

"Ruxa, sisi damu moja."

Na kweli. Nilimkumbuka Aglaia, nikakumbuka bakuli la supu mapajani mwake. Nikakumbuka tena yule mzee na kofia yake. Mama yetu alikuwa akisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na siku zote nilidhani anazungumzia viboko. Nilimchukia kaka yangu kwa kuniweka pale, nikamchukia kabisa, huku machozi yananitoka.

Nikafungua dirisha. "Bwana Pascaru! Rudi. Bado kuna moja hujaiona vizuri."

Toader hakupiga kelele. Aliweka funguo juu ya meza, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kitu cha jirani. "Aglaia usimletee tena supu," akasema, akatoka.

Nikabaki dirishani. Alipishana na Pascaru uani bila kumjibu, akavuka lango kwa miguu. Mkabala wa lango letu lipo kanisa la Mtakatifu Paraskeva, na tangu tukiwa watoto sijamwona Toader akilipita bila kuinua mkono, hata akiwa amelewa, hata siku aliyobeba jeneza la baba. Akalipita. Mikono yote miwili ilikuwa mfukoni.

Pascaru alikuwa ameshaingia, anauliza kuna nini. Nilimwambia asubiri. Nikainua mkono wangu, nikampigia mimi ule msalaba.