Bomba Lililosafishwa

Shangazi aliingia maabara, akakuta meza inang'aa, haina kitu.

Asubuhi alikuwa amepitisha maji ya kisima cha kaka yake kwenye bomba la sindano lililoshindiliwa unga wa kaboni, laini kuliko masizi. Unga huo hunasa sumu na kuyaacha maji yapite. Ilibaki kuitoa sumu kwa matone ya spiriti, kisha mashine iitaje jina. Maji yenyewe yalikuwa nusu kikombe, mabaki ya birika. Mwenye shamba la maua la jirani alikwishakifukia kisima. Hospitalini mtoto wa kaka alikuwa akitetemeka, daktari akisubiri kujua ni sumu gani ili ampe dawa yake.

"Bomba langu liko wapi?"

"Lile jeusi?" Mkuu wa maabara alikuwa akinyoosha tai. "Mama, wageni wanakuja, wewe unaacha masizi mezani kama jikoni! Nimelisafisha mwenyewe. Maji hayakufua dafu, nikatumia spiriti. Na bado halikutakata."

"Umelisafisha?"

"Nishukuru basi. Nimekufichia aibu."

"Aibu gani? Yule mtoto hospitalini ni mwanangu!" Alipiga meza, vioo vikalia. "Mtu mzima, shahada zimejaa ukutani, unafua kaboni kama soksi!"

"Chunga mdomo. Andika hakuna kilichoonekana, ukateke maji mengine."

"Nikateke wapi? Kisima kimefukiwa!"

Mkuu alirudia kunyoosha tai.

"Hiyo spiriti umeimwaga?"

"Nusu ilimwagika sakafuni. Iliyobaki..." Alionyesha bakuli kwa kidevu. "Niliogopa isinukishe sinki."

Shangazi alilinyakua. Alichuja, akakausha kwa upepo mwembamba hadi likabaki tone, akailisha mashine. Kwenye kioo mstari ulilala, ukalala, kisha ukasimama wima. Alipima na spiriti tupu, mstari haukuinuka. Akampigia kaka yake, akamtajia jina herufi kwa herufi.

"Ni dawa ya kupulizia maua. Kimbia kwa daktari."

"Kwa hiyo tunamshitaki mwenye shamba, dada?"

Jina lilikuwepo, kiasi cha sumu hakikujulikana. Nusu ilikuwa imefutwa kwa tambara la deki. Mahakama gani ingepokea ushahidi wa bakuli?

"Mtibuni kwanza," alisema.

Wageni waliingia. Mkuu akachanua tabasamu. "Na huyu ndiye mtaalamu wetu hodari..."

Mgeni wa kwanza alinyoosha mkono. Shangazi hakuupokea. Alilibwaga lile bakuli lenye weusi katikati ya meza inayong'aa.

"Kabla hamjanisalimia," alisema, "muulizeni huyu alikuwa anaosha nini."