Maji Yanakwenda Wapi

Kipimajoto kilisoma nyuzi ishirini na moja, na saa tatu ya asubuhi ilikuwa haijagonga. Sista alikivuta kwa uzi wake, akakikung'uta, akakitumbukiza tena majini kama anavyopimwa mgonjwa mara ya pili pale mpimaji anapokataa kuamini. Ishirini na moja ile ile. Chini ya ukuta wa bwawa, upande wa kabichi, pampu ya kaka yake ilikuwa ikinguruma.

"Leo atanitambua," alisema peke yake, akaanza kuteremka ukingo na magoti yake mabovu.

Watu walimwita Sista kwa sababu alikuwa mkunga wa hospitali kwa miaka thelathini na mmoja, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani alipostaafu. Shamba lilikuwa la baba yao. Walipogawana, kaka yake mkubwa alichukua sehemu ya chini yenye rutuba, yeye akapata ya juu yenye mawe na chemchemi, na bwawa likabaki katikati, mali ya wote wawili. Baba alilichimba kwa ajili ya ng'ombe. Baada yake likawa la vyura na majani tu, mpaka Sista alipokuja na habari ya samaki aitwaye trauti.

Habari hiyo aliipata kwa mtu aliyekuwa akitotolesha vifaranga vya samaki huko juu mlimani, mtu mwembamba, mpole, ambaye watoto wake wawili walizaliwa mikononi mwa Sista. Alikuja mwenyewe kulikagua bwawa. Alionja maji kwa kiganja, akapima baridi yake, akatabasamu.

"Kumi na tano. Na chemchemi inaingia moja kwa moja. Hapa watakaa," alisema. "Ila nisikilize vizuri, Sista. Trauti ni samaki wa maji baridi. Yakifika ishirini, hawali vizuri na wanaanza kuhangaika. Yakipita ishirini na nne usinipigie simu, watakuwa wameshakwenda. Na usitegemee wazaliane humu ndani, wao hutaga kwenye kokoto, kwenye maji yanayotiririka. Hapa utanenepesha, utavua, utaweka wengine."

Kaka alikuwa amesimama pembeni, mikono kiunoni.

"Samaki gani huyo anayetaka kukaa kwenye friji?"

"Si lazima umpende, Kaka. Mwachie maji tu."

Sista aliyashughulikia matayarisho kama chumba cha kujifungulia. Alifunga wavu wa waya pale maji ya ziada yanapotokea, wasije samaki wakaondoka nayo. Aling'oa magugu. Aliajiri vibarua wawili wakwangue tope karibu na chemchemi, apate kina cha kutosha samaki kujificha jua linapokuwa kali. Kaka alipita, akatazama, akasema tope la bwawa haliguswi ovyo. Sista akajibu kwamba yeye hajawahi kwenda kumfundisha mtu kupanda kabichi.

Siku ya kuweka vifaranga walikuja mia tatu, kwenye mifuko mitano ya plastiki iliyojazwa hewa, kila kifaranga urefu wa kidole. Maelekezo yalikuwa mepesi: mifuko ielee bwawani nusu saa, maji ya ndani na ya nje yazoeane, ndipo ifunguliwe. Sista aliingia ndani kuchukua kofia. Aliporudi alimkuta kaka yake amekwisha kufungua mfuko mmoja na kuumwaga.

"Kwani samaki anaogopa maji?" Kaka aliuliza.

Wale wa mfuko ule waliogelea ubavu ubavu, kisha wakageuka matumbo juu. Kufika jioni Sista alikuwa amewaokota hamsini na sita.

"Hao walikuja wagonjwa," alisema Kaka.

Kesho yake Sista alipigilia nguzo bwawani, akaipaka mstari mwekundu, akamwita kaka yake aje aone. Maji yasivutwe yakashuka chini ya pale. Kaka akasema sawa, hakuna shida, na kwa miezi mitano ya mvua kweli hakukuwa na shida. Trauti walikua. Sista alipowarushia punje za chakula asubuhi, maji yalichemka kwa mikia, na hata kaka yake, akidhani haonekani, alikuwa akisimama mbali kuwatazama.

Kiangazi kilipoingia, mstari mwekundu ulitokeza juu ya maji. Baada ya wiki ukawa juu kiganja kizima. Trauti waliacha kula, wakajibana wote kwenye mdomo wa chemchemi, vichwa vikielekea kule maji yanakotoka, midomo wazi. Sista aliwajua watu wa namna hiyo. Alikuwa amewaona wodini, wale wanaotafuta pumzi.

Ndiyo maana asubuhi ile aliteremka ukingo na kijasho kikimtoka, akaenda hadi kwenye pampu, akaizima kwa mkono wake.

Kaka aliinuka katikati ya kabichi. "Sista!" Alipokasirika alimwita hivyo, kama wagonjwa. Akiwa na moyo mweupe alimwita mdogo wangu. "Hiyo pampu ina mwenyewe."

"Na bwawa lina wenyewe wawili. Samaki wangu wanakufa."

"Hawajafa hata mmoja. Nimewatazama." Alionyesha shamba lake kwa jembe. "Hizi zimebakiza wiki mbili zifunge. Wiki mbili tu! Nizinyweshe mate?"

Walirushiana maneno mpaka wifi, mke wa Kaka, akaja kusimama kati yao na sufuria mkononi. Mwisho walikubaliana: Kaka atavuta maji kwa muda wa saa moja tu, jioni, jua likiwa limepoa.

Alitimiza. Sista alikaa kibarazani siku tatu kumvizia, na kila siku pampu ilinguruma kwa saa moja, ikanyamaza. Lakini maji yaliendelea kushuka kama mtu anayekunywa kwa mrija. Siku ya nne alimfuata.

"Unavuta nikilala."

"Mimi?" Kaka alishika kifua. "Naapa, nje ya ile saa moja sijaigusa. Fundi alikuwa hapa jana mchana kutwa anaisafisha, muulize kama inatumika usiku."

"Basi maji yanakwenda wapi?"

"Waulize samaki wako. Labda wanayanywa."

Mzaha ule ndio uliommaliza. Asubuhi yake, kabla wengine hawajaamka, Sista alikwenda kwenye kibanda cha pampu, akachukua spana ndogo iliyokuwa juu ya tangi, akafungua plagi, ile inayoiwashia injini cheche, akaitia mfukoni mwa sweta. Hakujisikia mwizi hata kidogo. Alijisikia kama mtu aliyemnyang'anya mtoto wembe.

Siku mbili hakusikia mngurumo. Siku ya tatu wifi alipanda kwake, akakaa kwenye stuli ya jikoni bila kukaribishwa.

"Wifi, kabichi zinalala chini. Na kaka yako amekwenda karakana kumtukana fundi mbele za watu. Amemwita mwizi. Anasema aliitamani plagi alipokuja kusafisha pampu, akarudi usiku kuichukua."

Sista alikuwa akimenya viazi. Kisu kilisimama.

"Fundi amesema nini?"

"Aseme nini? Amesema hajachukua. Wateja wote walikuwa wamesimama wanamtazama."

Wifi alipoondoka, Sista hakuweza kumalizia viazi. Alikwenda bwawani ili aone angalau kile alichokipata kwa ubaya wake. Alitazama nguzo. Akainama, akatazama tena. Pampu ilikuwa imelala siku mbili na zaidi, na maji yalikuwa yameshuka vidole vinne.

Akaanza kuzunguka bwawa, hatua kwa hatua, akikanyaga kila tuta na kupapasa kila shimo la panya. Kwenye ukuta hakuona kitu. Kisha, upande wake mwenyewe, nyuma ya mawe, mahali ambapo kiangazi hakuna jani linaloota, aliona majani mabichi. Alitia mkono. Udongo ulikuwa umelowa chepechepe, na kati ya mawe mawili kijito chembamba kilikuwa kikitambaa kuelekea bondeni, hakina haraka wala hakina aibu.

Hapo akakumbuka wale vibarua. Tope walilolikwangua lilikuwa jeusi, kisha likaja lile la kijivu, zito, lenye kunata kwenye jembe mpaka wakalalamika. Yeye alisimama juu yao na kusema, chini kidogo, bado kidogo, mpaka majembe yakaanza kutoa udongo mwekundu unaomumunyuka. Lile la kijivu lilikuwa udongo wa mfinyanzi, wenye kuzuia maji yasipenye, ambao baba aliutandaza kwa mikono yake na kuushindilia wiki tatu. Wakati wa mvua chemchemi ilimwaga zaidi ya kinachovuja, nani angejua. Tundu lilikuwa la kwake.

Alikaa chini, pale pale kwenye majani mabichi, akashika tama. Alitamani kumkasirikia mtu. Alitafuta, akakosa.

Alipofika kwa kaka yake alimkuta uani akinoa panga, ila ilionekana kwamba hana kazi nalo. Sista aliitoa plagi na kuiweka kwenye kiganja cha kaka yake.

Kaka aliigeuza kwa kidole.

"Ilikuwa wapi?"

"Kwangu. Kwenye sweta. Niliifungua mimi." Akaeleza yote bila kupumzika, kijito, mfinyanzi na vibarua, kama anayesoma taarifa ya zamu. "Nilikuita mwongo, Kaka, na ulikuwa unasema kweli."

"Na mimi nimemwita fundi mwizi."

"Najua."

"Mtu aliyenitengenezea pampu miaka tisa."

"Najua, Kaka."

Kaka aliinuka, akaingia ndani, akaufunga mlango. Sista alingoja, kaka yake hakutoka. Alirudi bwawani kwa miguu mizito, akiwaza jinsi mtu mzima mwenye mvi anavyoweza kuharibu samaki, kabichi na undugu kwa kiangazi kimoja. Kipimajoto kilisoma ishirini na tatu. Trauti wawili walikuwa wanaelea.

Alikuwa amevua viatu, ameshika ndoo, hajui aanze wapi, alipomsikia kaka yake akiteremka na majembe mawili, wifi nyuma yake na chandarua kuukuu begani.

"Usiingie hapo," Kaka alisema. Uso alikuwa ameukunja bado. "Ukiwakoroga kwenye tope utawamaliza. Tuchimbe kwanza mtaro huku juu, chemchemi inapotokea. Huko maji ni baridi. Tutawahamishia."

"Watatosha?"

"Hawatatosha. Una wazo jingine?"

Hakuwa nalo. Walichimba mtaro wa hatua ishirini, upana wa mikono miwili, wakaujengea kingo kwa mawe ya Sista, ambayo kwa mara ya kwanza yalikuwa na faida. Jua lilikuwa likiwachoma migongo. Alasiri walikokota chandarua majini. Trauti waliteleza, wakaruka, wakapita chini ya kamba, na wengi hawakushikika. Wengine walifia ndani ya ndoo kabla hawajafika juu, na kila alipokufa mmoja Sista alitoa tusi ambalo wifi hakujua kwamba wakunga wanalijua. Magoti yalipogoma alisukuma ndoo kwa kukaa. Walipomaliza, samaki tisini na watatu walikuwa mtaroni, wamebanana kama abiria, hai.

"Tisini na watatu kati ya mia tatu," alisema Sista.

"Nane kati ya hao wataliwa leo na ndege," alisema Kaka, akaenda kukata matawi ya kufunika.

Asubuhi Sista alikwenda karakana. Fundi alikuwa amelala chini ya trekta, na wateja wanne wakingoja kwenye benchi. Alimwita pembeni, akamweleza kwa sauti ya chini kwamba plagi aliichukua yeye, na kwamba anaomba radhi.

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi, kidole kimoja kimoja.

"Kaka yako alinitukana pale, katikati. Wewe unaniomba radhi hapa, kwenye kona."

Sista alirudi katikati ya karakana, mbele ya benchi, akasema yote upya kwa sauti ile aliyokuwa akiitumia kuwaita ndugu wa wagonjwa koridoni. Mmoja wa wale wateja alicheka. Fundi hakucheka.

"Sawa," alisema. "Mwambie kaka yako na yeye aje."

Kaka alikwenda, baada ya siku mbili za kunung'unika.

Theluthi moja ya kabichi zilikuwa zimekauka. Bwawa waliliacha likakauka, kisha wakasomba mfinyanzi kutoka bondeni kwa mkokoteni, wakautandaza juu ya jeraha lile la majembe ya vibarua, na Kaka akaazima ng'ombe saba kwa jirani waukanyage. Ng'ombe hawakutaka. Walisimama wakitafuna, wakanya, wakageuka nyuma. Sista aliwavuta kwa kamba, mguu mmoja umekwama kwenye buti na buti limekwama kwenye udongo, huku kaka yake ukingoni akimwelekeza kushoto, kulia, si hapo, pale. Siku tisa za namna hiyo. Siku ya saba Sista alimrushia kaka yake bonge la mfinyanzi, likampata kifuani, na wote wawili wakajifanya limemponyoka.

Mvua ilipokuja bwawa lilijaa. Sista alilipima kwa fimbo wiki mbili mfululizo, asubuhi na jioni, na maji hayakushuka. Trauti sabini na tisa walirudi ndani. Mtu wa vifaranga alipanda kuja kuwaona, akazunguka ukingo, akatikisa kichwa.

"Wazuri. Ila kwa bwawa hili ni wachache mno. Mwezi ujao maji yatakuwa yamepoa kabisa, ongeza mia mbili."

Sista alitaka kulia, maana mwaka mzima ulikuwa umemrudisha nyuma ya pale alipoanzia. Badala yake alimwuliza ni tarehe ngapi aende kuwachukua.